Silinda ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu Winrose amenipa kitabu hiki cha kumbukumbu za kila siku kutoka ofisini kwao. Anasema mtu huanza kwa kujitambulisha. Haya. Naitwa Cherop, nina miaka thelathini na mmoja, ni fundi wa magari hapa Molo. Gereji ni ya mzee Muturi na tuko wawili tu. Alinichukua miaka tisa iliyopita, wakati gereji nne zilikuwa zimenifukuza hata kabla sijamaliza kusalimia. Watu wa kabila lake walimcheka kwamba ameajiri msichana, tena Mkalenjin. Yeye aliwaambia waniletee gari bovu kwanza, ndipo wacheke.

Vumbi tupu. Mvua bado.

Jumanne, 12 Machi

Mzee Micah amekuja kutoka Kuresoi na gari lake, Fielder ya kijivu. Mkewe alikuwa kiti cha mbele amejifunika shuka la Kimaasai. Ni Mwalimu Jepkosgei, aliyenifundisha darasa la sita. Nilijua anaumwa, sikujua amekonda hivyo. Figo zake zimekufa. Kila Jumanne na kila Ijumaa lazima afike Nakuru kusafishwa damu, na hiyo Fielder ndiyo inayompeleka.

"Cherop," akaniita, "bado unaandika herufi kama kuku amepita?"

"Siku hizi naandika namba za plagi tu, Mwalimu."

Shida ya gari: kwenye tambarare linatembea vizuri. Likishika mlima linaanza kukohoa, linapoteza nguvu, kana kwamba kuna mtu amelishika nyuma. Kisha taa ya injini inawaka.

Mzee Muturi alifanya kama anavyofanya siku zote. Alichukua bisibisi lake refu, akagusisha ncha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Nimemwona akiwaambia watu ugonjwa wa gari namna hiyo tangu nianze kazi, na hakuna siku aliyokosea. Leo alisema ni plagi. Tukabadilisha zote nne.

Mimi nilikuwa nimechomeka mashine yangu ya kusoma kompyuta ya gari, ile niliyonunua Nakuru mwaka jana. Ilisema hewa ni nyingi kuliko petroli, na silinda zinakosa kuwaka kwa zamu, leo hii, kesho ile. Nikamwonyesha.

"Hiyo mashine haijawahi kushika spana," akasema.

Mzee Micah akacheka. Hawa wawili ni marafiki wa tangu zamani. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, gereji ilipochomwa, Micah ndiye aliyelificha sanduku la vyuma vya kazi vya Muturi chini ya magunia ya viazi nyumbani kwake, na akamficha Muturi mwenyewe siku tatu. Kwa urafiki huo Micah hawezi kulipeleka gari kwingine, hata gereji nyingine iwe ya bure.

Ijumaa, 15 Machi

Fielder imepita kwenda Nakuru na imerudi. Micah alipiga honi mara tatu kutusalimia. Mzee Muturi hakuinua kichwa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumanne, 26 Machi

Fielder imerudi na ugonjwa ule ule. Walifika Nakuru, lakini walipokuwa wakipanda kurudi Elburgon gari lilizima mara mbili. Mwalimu alikuwa amechoka hadi hakuweza kuongea, aliinua mkono tu.

Nataka kuandika hapa ninachofikiri, kwa sababu gerejini hakuna wa kumwambia. Injini hupima hewa inayoingia, halafu inatia petroli inayotosha hewa hiyo. Kama kuna tundu baada ya pale inapopimia, hewa nyingine inaingia bila kuhesabiwa. Petroli inakuwa kidogo, moto unakosa kushika, gari linakohoa. Au pampu ya petroli imechoka, haifikishi ya kutosha mlimani. Ni moja kati ya hayo mawili. Plagi hazihusiki.

Nilimwambia hivyo mzee Muturi nikiwa nyuma yake, yeye ameinama kwenye boneti. Hakujibu. Nikadhani amekasirika, nikanyamaza. Baadaye akauliza kwa sauti ya kawaida kama nimekunywa chai.

Alisafisha kichujio cha hewa, akasema tayari.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka imepita na mvua. Daraja la kwenda kanisani kwetu limebebwa na maji, tuliabudu kwa jirani.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi. Leo nimeona kitu na ningependa nisingekiona.

Micah alileta gari tena. Mwalimu alibaki ndani ya gari kwa sababu ya matope. Mzee Muturi alikuwa amevuka barabara kununua maziwa. Nikaona nitumie hizo dakika. Nilichomoa waya wa injekta ya kwanza, ile inayonyunyiza petroli kwenye silinda, ili nione kama injini itabadilika. Ilibadilika, ikaanza kutetemeka. Basi silinda ya kwanza ni nzima, inafanya kazi yake. Nilikuwa nataka kurudisha waya na kwenda kwa ya pili, mzee akarudi na bisibisi mkononi, akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

Aliliweka bisibisi kwenye injekta ya kwanza. Injekta ikiwa inafanya kazi hupiga tik-tik-tik, mtu husikia wazi kwenye mpini. Ile ya kwanza ilikuwa imekufa kabisa. Waya wake nilikuwa nao mkononi.

Mzee akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu kama kawaida yake.

"Ya kwanza iko sawa," akasema. "Inapiga vizuri."

Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Hapo akakaa muda mrefu.

"Hii. Ya tatu ndiyo mgonjwa. Koili yake imeisha."

Nilisimama pale na ule waya mkononi. Mambo mengi yakanijia pamoja: honi ambayo hakuigeukia, redio anayoifungua hadi majirani wanalalamika, wateja anaowaambia "rudia" huku akiwatazama midomo, na vile nilivyomwambia habari ya hewa akiwa amenipa mgongo. Mzee hasikii. Sijui tangu lini. Amekuwa akifumba macho na kubahatisha.

Nilipaswa kusema. Micah alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini ningesemaje? Huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Ningemwambia mbele ya rafiki yake kwamba amesikiliza injekta iliyokatwa waya akasema inapiga vizuri? Nilirudisha waya alipogeuka. Injini ikatulia, na yeye akatabasamu, akadhani ni mkono wake.

Akabadilisha koili ya tatu, ile inayoipa plagi moto. Gari likasimama pale likinguruma vizuri, kama linavyonguruma siku zote likiwa limesimama.

"Mzee," nikasema, safari hii usoni pake, "tungeijaribu kwanza mlimani."

"Iko sawa."

Nikamtazama Micah. Micah akafunga boneti.

"Muturi akisema iko sawa, iko sawa," akasema. "Kwani umemjua leo?"

Mwalimu alikuwa akitutazama kupitia kioo. Alinitazama mimi, halafu akamtazama mzee Muturi kwa muda, halafu akageuza uso.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikulala vizuri. Mzee amekuja akiimba. Nimegundua kwamba hata wimbo wenyewe anauimba akiwa nje kabisa ya tuni, na nilikuwa nikidhani ni furaha.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimejaribu mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza alikuja mteja. Mara ya pili hakuja mtu.

Alhamisi, 18 Aprili

Wiki hii Fielder imeenda na kurudi bila Micah kupiga simu. Nikaanza kujiambia labda ni koili kweli. Mtu anaweza kujiambia chochote mvua ikinyesha siku nane mfululizo.

Jumatatu, 22 Aprili

Barabara ya Kuresoi imeharibika. Malori ya viazi yamekwama tangu jana.

Ijumaa, 26 Aprili

Saa nne asubuhi simu yangu ililia. Ilikuwa Micah. Gari lilikuwa limezima tangu saa kumi na mbili na nusu kwenye kile kilima cha msitu kabla ya kufika Molo, na alikuwa ametembea mwendo mrefu kutafuta mtandao. Mwalimu alitakiwa kuwa Nakuru saa mbili.

Tulichukua pikapu ya gereji, mzee Muturi akaendesha. Matope yalikuwa hadi kwenye ekseli. Tulikwama mara mbili, tukatolewa na trekta la mtu mmoja anaitwa Bravin, aliyekuwa akivuta malori tangu alfajiri. Tulifika saa saba kasoro.

Mwalimu alikuwa ameketishwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Mama wa kibanda alikuwa amemwekea jiko karibu na miguu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vilikuwa vimevuliwa. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake kimejaa. Kwa sababu ya figo haruhusiwi kunywa, alikuwa akilowesha midomo tu.

Wanaume walikwenda kufunga gari kwa mnyororo. Nikabaki naye.

"Cherop, hii gari inaumwa nini hasa?"

"Tunatafuta, Mwalimu."

"Kutafuta si jibu. Nimekuuliza inaumwa nini."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena, nimesimama mbele ya ubao. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Hewa inaingia mahali, Mwalimu, na mzee hasikii, na mimi nilijua wiki mbili zilizopita. Niliangalia mlangoni, nikaona mgongo wa mzee Muturi kwenye mvua, amepiga magoti kwenye matope akifunga mnyororo, mzee wa miaka sitini na nane.

"Labda ni pampu," nikasema.

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikinakili kazi ya mwenzangu. Halafu akashika mkono wangu, akasema mikono yangu ni baridi.

Tulifika Molo saa tisa. Micah akakodi teksi hadi Nakuru. Jioni akapiga simu: nafasi ya Mwalimu ilikuwa imepewa mwingine. Wamempima, wamempa dawa, wamesema aje Jumatatu asubuhi wa kwanza kabisa. Wanarudi nyumbani.

Jumamosi, 27 Aprili

Mzee Muturi hakuja kazini. Mgongo.

Nilifunga geti. Nikafikiri: injini ikiwa imesimama haionyeshi ugonjwa, kwa hivyo lazima nifanye iamini inapanda mlima. Ikivuta mzigo, injini hujiinua kidogo pale ilipofungwa. Nikaweka jeki chini yake na kipande cha ubao, nikaiwasha, nikaiinua kidogo tu, labda vidole viwili.

Ikaanza kukohoa.

Nilisimama pale nikisikiliza. Ndiyo ile ile. Nikaingiza mkono chini ya mpira mkubwa wa hewa, ule wenye mikunjo mikunjo unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye injini. Upande wa chini, ndani ya mkunjo, pasipoonekana, kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mpira umezeeka tu. Injini ikitulia ufa unajifunga. Ikivuta, mkunjo unapanuka na hewa inapita. Niliuziba kwa kidole. Injini ikatulia. Nikaachilia, ikakohoa. Nikaziba, ikatulia. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa nimetumia dakika arobaini, tangu kuchukua jeki.

Ooko wa duka la spea alikuwa na mpira kama huo, umetumika lakini mzima. Saa kumi nilikuwa nimeshaliendesha gari hadi juu ya mlima na kurudi. Halikukohoa hata mara moja.

Nikampigia Micah. "Gari imepona, mzee. Imepona kweli."

"Mungu akubariki, msichana wangu. Mwalimu anapumua kwa shida kidogo leo, lakini Jumatatu iko karibu. Nitakuja kuichukua kesho baada ya kanisa."

Jumapili, 28 Aprili

Mwalimu Jepkosgei amefariki leo asubuhi. Maji ambayo figo hazitoi yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Walikuwa wanangoja gari la jirani.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Fielder iko hapa uani. Sijaweza kuigusa.

Jumamosi, 4 Mei

Tumemzika. Wanafunzi wake wa zamani walijaa hadi shambani, wengine wenye mvi. Kaburi lilikuwa likiingia maji, vijana wakawa wanayatoa kwa ndoo wakati kasisi anaomba.

Micah alimkumbatia mzee Muturi mbele ya watu wote. Alisema, "Huyu alikuja kwenye matope kututoa." Mzee Muturi akalia kama mtoto. Nami niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya jikoni, kwa sababu kama ningebaki pale ningesema, na halikuwa jambo la kusemea kaburini. Nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma. Wakati huo sikuweza kusema ni hasira juu ya nani.

Jumatatu, 6 Mei

Leo mzee Muturi alikuwa kwenye karai ananawa mikono, amenipa mgongo. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Mzee, ulimwambia Micah gari iko sawa na hukusikia kitu. Na mimi niliona, nikanyamaza."

Akaendelea kunawa. Akachukua sabuni tena. Akasugua kucha.

Nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Mzee, unanisikia?"

Akatazama midomo yangu. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Kisha akachukua taulo, akaketi kwenye tairi.

"Sikio la kushoto lilienda kwanza," akasema. "Ni mwaka wa tatu huu. Hili lingine lilianza mwaka jana. Nasikia kama niko chini ya maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niwe fundi gani? Watu wanakuja hapa kwa sababu ya masikio ya Muturi. Nikisema yameisha wataenda, na wewe utaenda."

"Nisingeenda."

Sina hakika alisikia hilo. Nilimwambia kila kitu, polepole, nikimtazama: waya wa injekta, jeki, ufa. Niliuchukua ule mpira wa zamani nikamwekea mapajani. Alipitisha kidole gumba kwenye mkunjo hadi akaupata ufa, akauacha kidole pale.

"Hii ningeiona kwa macho," akasema. "Kama ningekuwa natafuta kwa macho."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilijaribu. Nilimwona tu mzee mwenye taulo, anayeogopa.

"Twende tumwambie Micah," akasema.

Alhamisi, 9 Mei

Mzee amepanga kwenda mara mbili na mara mbili amesema mvua. Sikumlazimisha. Na mimi naogopa.

Jumamosi, 11 Mei

Tumeenda. Mimi niliendesha Fielder, yeye akanifuata na pikapu. Gari lilipanda kilima cha msitu bila shida yoyote, na hilo lilikuwa gumu kuvumilia kuliko kama lingezima.

Micah alikuwa peke yake barazani akichambua mbegu za viazi. Binti yake, Chemutai, alitutolea viti na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akarudi ndani. Mvua ilikuwa imepungua, inanyesha ile ya kusumbua tu.

Mzee Muturi hakuketi. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisema masikio yake yamekufa, kwamba aliona aibu, kwamba aliposema plagi alikuwa anabahatisha, na aliposema koili alikuwa anabahatisha. Hakunitaja. Nikasema sehemu yangu mwenyewe: kwamba nilijua tangu tarehe kumi Aprili, na kwamba Mwalimu aliniuliza mwenyewe pale kibandani nami nikamdanganya.

Micah aliendelea kuchambua. Kiazi kizuri huku, kilichooza kule. Alifanya hivyo hadi nikafikiri hatatujibu kabisa, nami nikawa natamani apige kelele. Kisha mikono yake ikasimama. Alizungumza akiangalia viazi, kwa sauti ya chini sana.

"Jepkosgei aliniambia. Mwezi wa tatu, siku ile ya plagi. Alifundisha watoto wasiosikia miaka miwili kule Kericho, alijua mara moja. Akaniambia, Micah, huyo rafiki yako hasikii, gari yetu tuipeleke kwingine. Nikamkatalia. Nikamwambia anyamaze, asimwaibishe Muturi. Akarudia tena tulipotoka kwenu siku ile ya koili, na tena Alhamisi kabla ya gari kuzima. Mara tatu. Ya mwisho nilimfokea." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Alikuwa mgonjwa na nilimfokea."

Ndani, Chemutai alikuwa ameacha kuosha vyombo.

Mzee Muturi alikuwa bado amesimama, ameinama kidogo, anamtazama Micah kwa hofu, anangoja hukumu yake. Micah alikuwa ameongea na viazi. Mzee hakuwa amepata hata neno moja. Akanigeukia.

"Amesema nini?"

Micah akainua uso akanitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi, na nilielewa anachoomba. Ningeweza kusema: amesema tumuombee. Ningeweza kusema: amesema twende nyumbani salama. Mzee angevaa kofia yake, tungeteremka hadi kwenye pikapu, na kila mmoja angebaki na chake.

Nilimvuta mzee mkono akaketi. Nikasogeza kiti changu hadi magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikangoja hadi macho yake yakatulia kwenye midomo yangu, nikamweleza yote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, neno kwa neno.